Asubuhi ya Tatu ya Maestro

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa raba. Si kalamu wala mashine ya kuandikia. Raba nyeupe, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Mkuu wa Maktaba ya Nota, Mwingereza mrefu aliyevaa makubadhi na soksi, alinionyesha rundo la karatasi lililonifika kiunoni, akasema, "Futa alama zote za penseli. Zote. Ukimaliza, njoo." Nikafuta siku tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti changu cha chuo mkobani, abaya mpya niliyoshonewa kwa ajili ya kazi, na nikirudi nyumbani vumbi la raba limeniganda mpaka kwenye nyusi. Bimkubwa, yaani mama yangu mzazi, akanitazama juu mpaka chini. "Huko walikokuajiri wamekupa kazi gani, mwanangu? Ya kusaga unga?"

Nieleze kwa mliokuja karibuni, mliozoea kugusa kioo ukurasa ukageuka wenyewe. Okestra ikitaka kupiga kazi ya mtunzi aliye hai, mara nyingi hukodi nota zake kwa mchapishaji wa Ulaya. Wapigaji huandika humo kwa penseli: wapi upinde wa fidla upande, wapi ushuke, wapi pana hatari. Shughuli ikisha, karatasi zinarudi safi kama zilivyokuja. Sasa, nota zenyewe ni za namna mbili. Kuna kitabu kikubwa anachokitazama muongozaji, sauti zote zimepangwa humo moja juu ya nyingine. Sisi tukikiita daftari kuu. Na kuna vipande, yaani kila mpigaji na karatasi yake, yenye sauti yake peke yake. Mwenye fidla hajui mwenye tarumbeta kaandikiwa nini. Wanaojua ni mtunzi, muongozaji, na mnakili aliyevitoa vipande kutoka kwenye daftari kuu. Huyo mnakili nilikuwa mie, katika okestra hapa Muscat, miaka thalathini na tano.

Watu hudhani kunakili ni kazi ya mkono. Hasha. Ni kazi ya kumfikiria mwenzio. Mpigaji ana mikono miwili na yote ina shughuli, basi atageuza ukurasa saa ngapi? Mnakili anayejua kazi hupima mistari mpaka ukurasa uishie pale mpigaji anapopumzika. Asiyejua huuishia popote, na siku ya onyesho unamwona maskini mwenye filimbi anageuza kwa kidevu.

Na mie nimekosea, msinione nasema. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka vipande vya fidla Ruwi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Sikumwambia kitu, naye hakuniuliza. Kazi zake zote zilikuwa vitabu vya Kiarabu. Vikarudi vimeshonwa upande wa kulia. Nami nikavitazama nikaviona sawa, kwani mie mwenyewe nimesoma juzuu kabla ya kitabu kingine chochote. Siku ya mazoezi muongozaji wetu wa wakati ule, Mjerumani mkavu kweli kweli, akainua kijiti, wapiga fidla wakafungua, wote wakakuta ukurasa wa mwisho. Akakishusha kijiti polepole. "Leo tunaanza na makofi?" akauliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule Mwingereza wa soksi aliondoka, akaja wa pili ambaye hakulipenda joto, akaondoka. Khalafu Mkurugenzi, Mwomani wa Dakhiliya, huko bara, mtu wa maneno machache, akaniita ofisini akaniambia kwa Kiarabu, "Thuraya, nimechoka kuwafundisha wageni njia ya maktaba. Kaa weye." Ndivyo nilivyokuwa Mkuu wa Maktaba. Hakuna hotuba wala ua.

Sasa nije kwa Maestro Lanfranco, maana hata niseme nini, mkinikuta hamuulizi khabari za raba, mnauliza khabari zake.

Nilimjua kwa mwandiko kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa mtunzi wa Italia, mtoto wa mji mdogo wa kaskazini, huko kwenye mashamba ya mpunga na ukungu. Baba yake alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani, vile vyenye mabomba marefu. Mwenyewe alianza kwa kutunga muziki wa matangazo ya sabuni kwenye televisheni, na hakulificha hilo. Akisema, "Sabuni ilinifundisha kumaliza nilichokianza." Kazi iliyomtoa ilikuwa ya nyuzi tupu, fidla na ndugu zake, jina lake *Magoti Majini*. Aliijenga juu ya nyimbo za wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga, maji magotini, katika kijiji cha bibi yake. Okestra yetu iliipiga, na mie nikaipenda tangu nilipokuwa naipangia migeuzo, kwa sababu kila mpigaji ana pahala pa kuvuta pumzi. Mtunzi mwenye adabu huonekana hapo.

Baada ya hiyo tukapiga kazi yake ya klarineti na okestra, ambayo mpiga klarineti wetu alisema haipigiki, na baada ya miezi miwili akaipiga. Khalafu ikaja opera yake kubwa, aliyoitunga miaka sita. Kwao watu wasipopenda kitu hupiga mbinja, na ile opera ilipigiwa mbinja kuanzia katikati mpaka mwisho. Maestro alirudi kwao akakaa miaka minne bila kuandika nota moja, anatengeneza vinanda na kaka yake. Mkurugenzi wetu ndiye aliyemtafuta. Alimwandikia barua ya mistari mitatu: tunataka kazi mpya, tutakulipa, uje uiandike huku kwetu uone watu utakaowapigia.

Akaja. Mtu mfupi, mwenye tumbo, kaunda suti moja ya kitani. Alikuwa haandiki kwa kompyuta kabisa, ni penseli, na mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye wino. Mkuu yeyote wa maktaba mwenye akili angelia. Mie niliusoma. Ikawa kila asubuhi anakuja maktaba na kurasa zake, nami nazisafisha, na tukizungumza Kiingereza kibovu, chake kibovu zaidi. Kazi ikaitwa *Asubuhi Tatu*. Ya kwanza asubuhi ya mji wake, kengele ndani ya ukungu. Ya pili asubuhi ya safarini. Ya tatu asubuhi ya hapa Muscat, na ya tatu hiyo ilimkataa. Wiki tatu anaandika na kufuta. Nilimwona amekaa na kichwa mikononi, nikamwonea huruma, mtu mzima wa miaka sitini na saba. Akaniambia waziwazi, "Thuraya, hii ikipigiwa mbinja, sitaandika tena."

Siku moja nafuta karatasi, raba mkononi, na kama kawaida yangu navumisha sauti ndani ya pua. Akasimama. "Hiyo nini?"

"Si kitu. Bibi yangu akiivumisha akikuna nazi, Zanzibar, mie mdogo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaandika. Akaniomba mara ya tatu, akaandika tena, na macho yake yakabadilika. Msinicheke, lakini nilijiona mkubwa. Maisha yangu yote nimewanakilia watu sauti zao, na leo sauti ya kwetu inaandikwa na Maestro. Katika siku kumi asubuhi ya tatu ikawa imekamilika. Tarumbeta nne zinaichukua ile sauti ya bibi, pembe zinaipokea, ngoma chini yake, okestra nzima inanyanyuka. Nikanakili vipande sabini na zaidi, nikiimba.

Ijumaa ya siku tisa kabla ya onyesho, nyumbani kwangu Al Ansab walikuwako wote: mume wangu, wanangu, wakwe zangu, wajukuu, na Bimkubwa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeyarekodi kwenye simu mazoezi ya Alkhamisi. Tulipomaliza kula nikasema, nyamazeni, msikilize Maestro alivyomsifu bibi. Nikaiweka simu katikati ya meza, sauti mpaka mwisho.

Tarumbeta hazijafika mstari wa pili, Bimkubwa akasema, "Zima."

Nikadhani imemuumiza masikio. Nikapunguza. "Nimesema zima, Thuraya." Wakwe zangu wakatazamana. Akaomba mkono, nikamnyanyua, akanivuta jikoni na kuusukuma mlango kwa mgongo.

"Nani kampa mwanamme yule nyimbo ile?"

"Mie, Bimkubwa. Si ile ya bibi, ya kukunia nazi?"

"Ya kukunia nazi." Alilirudia neno hilo polepole, kama anayetafuta mchele umeingia jiwe wapi. "Bibi yako alikuwa somo wa watu. Mabiharusi wangapi kawafunda Unguja nzima. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nyimbo hizo hata akiwa juu ya mbuzi ya nazi zinamtoka. Ile ni nyimbo ya ndani, mwanangu. Mlango umefungwa, wanawake watupu, na waliochezwa unyago tu. Mwanamme haisikii. Na nyinyi mmeitia tarumbeta."

Nikauliza, "Maneno yake yakoje?"

"Usiniulize maneno."

"Lakini hukunifunza, Bimkubwa. Ningejuaje?"

Hapo akaushika ukingo wa sinki. "Ningekufunza wapi? Tumetoka kule una miaka sita. Huku tukakuta watu wanatucheka Kiarabu chetu, wanatucheka nguo zetu. Nikasema hayo yabaki kule kule. Ulipoolewa nikakupa nasaha mbili tatu, basi." Khalafu akasema lililokuwa likimkera khasa. "Ukumbi ule utajaa wanawake wa umri wangu, kutoka Bawshar yote hii. Wataijua kabla tarumbeta haijavuta pumzi. Watanitaja kwa jina langu, watasema, binti Zuena kaitoa siri ya bibi yake mbele ya wanaume. Nitakwenda msiba gani mie tena, nikakae na nani?"

Sikulala vizuri, nisiwadanganye. Nilikuwa nimemwaibisha mama yangu kwa kitu nilichokifanya kwa mapenzi, na nikikitengeneza namuua Maestro.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Mkurugenzi. Nikamweleza. Yeye si mtu wa Kiswahili, kwao ni mitende na mifalaji, ile mifereji ya maji ya mashambani. Akanisikiliza, akatabasamu. "Nyimbo ya jikoni, Thuraya. Nani ataijua?"

"Mama watoto wako ni wa watu wa Zanzibar. Msikilizishe."

Akaichukua rekodi akatoka nje ya ofisi na simu yake. Alirudi baada ya dakika tano, tabasamu halipo. "Mama mkwe wangu alikuwa karibu na simu," akasema.

"Kasema nini?"

"Hakusema. Amekata." Akakaa. "Itolewe. Leo. Na umwambie weye, kwani weye ndiye uliyempa."

Alisema haki. Nikamfuata Maestro chumbani kwake cha kazi, nikamwambia yote nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu.

"*Magoti Majini*," akasema. "Unaikumbuka? Zile nyimbo nilimsikia bibi yangu na wenzake wakiimba shambani, nikiwa nimejificha nyuma ya tuta. Zilikuwa nyimbo zao, za kuwasema waume zao na wenye mashamba. Sikumwomba ruhusa. Nilimpeleka mjini kwenye onyesho, nimemnunulia koti, nikidhani atafurahi. Hakusema nami tena. Alikufa mwaka uliofuata. Watu wanasema kazi ile ndiyo iliyonifanya mtunzi." Akavaa miwani. "Nipeleke kwa mama yako."

"Maestro, Mkurugenzi amesema itolewe tu. Huna haja."

"Nipeleke kwa mama yako, Thuraya."

Nikampeleka jioni ile baada ya sala ya alasiri. Bimkubwa alimpokea sebuleni, kanga mabegani juu ya gauni lake, kahawa na halua mezani. Mie nikawa mkalimani katikati. Swali lake la kwanza halikuwa la muziki. "Muulize mama yake yu hai."

Hayu hai, akasema Maestro. Bimkubwa akamrehemu. Khalafu Maestro akaomba radhi. Alisema hakujua, na kwamba hata angejua pengine angeichukua, maana alikuwa na njaa ya kazi, na hilo ndilo lililomfanya aje mwenyewe. Nilipolitafsiri hilo la mwisho nilidhani Bimkubwa atakasirika. Alimtazama kwa makini zaidi, basi.

"Mwambie sina hasira naye. Hakuiba. Alipewa na asiyekuwa na haki ya kutoa."

Nikatafsiri na hilo pia. Hakuna siku kazi ya ukalimani imenichoma kama ile.

Maestro akasema ataikata asubuhi ya tatu yote. Bimkubwa akazungusha kikombe. "Akiikata, itabaki nini?"

"Asubuhi mbili."

"Na yeye?"

Sikumuuliza Maestro. Nilijibu mwenyewe. "Yeye atarudi kwao akatengeneze vinanda."

Bimkubwa akashusha pumzi. "Niwekee tena ile simu." Nikaiweka. Safari hii aliisikiliza mpaka mwisho, macho kafumba, na kidole chake kinapiga kwenye mkono wa kiti, lakini polepole kuliko tarumbeta, nusu ya mwendo wake. Ilipokwisha akasema, "Kelele zote hizi za nini? Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumekaa chini, mwari katikati, inaimbwa kwa utulivu. Ni ya kumtoa mtu khofu." Akanigeukia. "Wanawake mnao huko kwenu, wapigaji?"

"Tisa."

"Basi wapige hao. Wanaume wanyamaze."

Nikatafsiri. Maestro akainama mbele. Bimkubwa alikuwa hajamaliza. "Na yule mwenye kijiti, anayewasimamia. Mwanamme?"

"Mwanamme, Bimkubwa."

"Akishushe."

"Na wasikilizaji?" Maestro akauliza. "Ukumbini nusu wanaume."

Bimkubwa akafikiri. "Maneno hawatayasikia, sauti bila maneno ni mlango uliofungwa. Watasikia kuwa ndani kuna watu. Hilo hata kwetu walikuwa wakilisikia, wakipita nje." Kisha akamsogezea sahani. "Ale halua, amekonda."

Hakukonda hata kidogo, lakini alikula.

Aliandika upya siku mbili. Alitoa tarumbeta, pembe, ngoma, akabakisha fidla nne, viola mbili na selo moja, ndugu zake wakubwa, filimbi na klarineti, kwa mwendo wa kidole cha Bimkubwa. Mie nikabaki na siku tatu za kunakili. Nikaviandika vile vipande tisa kwa mkono, kwa wino, kwani mwandiko wa Maestro akiwa na haraka hakuna mashine inayousoma. Tabu ilikuwa vipande vya wanaume. Mpigaji akiwa na mapumziko marefu, mnakili humwandikia mstari mnene na idadi ya mizani, vile vipimo vinavyougawa muziki, ya kunyamaza, na mwishoni humtilia kidokezo, yaani nota ndogo ndogo za kile anachopiga mwenzake, apate kujua wamefika wapi. Ni adabu ya kazi, sikuwahi kuiacha. Safari hii niliiacha. Kidokezo kingekuwa kuwapa nyimbo. Nikawaandikia mstari mnene, idadi, na mwisho wa karatasi. Hawarudi tena, kazi inakwisha mikononi mwa wanawake.

Mazoezini wanaume walinung'unika, usiseme. Salim, mpiga besi wetu, ile fidla kubwa ya kusimama nayo, akaja na karatasi yake maktaba. "Bi Thuraya, dakika sita nimesimama nimelikumbatia besi kama mfiwa. Nifanye nini?"

"Usikilize."

"Nisikilize nini, hata kidokezo hukunipa."

"Ndiyo maana usikilize."

Nasra, kiongozi wa fidla za pili, ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kuwaanzisha wenzake bila muongozaji. Mara ya kwanza walivunjika mzani wa tano. Mara ya pili wa kumi na moja. Wakaacha kutazama pale kijiti kilipokuwa, wakaanza kutazamana, na hapo ikakaa.

Bimkubwa hakusema kama atakuja. Alisema itategemea magoti yake. Siku ya onyesho, saa tisa mchana, nikamkuta kesha kuvaa, kajifukiza udi, kakaa mlangoni.

Tulikaa safu ya nne. Safu ya tatu, mbele yetu kidogo kushoto, alikaa mama mkwe wa Mkurugenzi, bibi wa miaka themanini, mgongo umenyooka. Hakutusalimia. Asubuhi ya kwanza ikapita, kengele na ukungu. Ya pili ikapita. Muongozaji akakiweka kijiti juu ya daftari, akashuka kwenye jukwaa lake dogo akasimama pembeni. Wanaume wote wakateremsha vyombo vyao magotini. Ukumbi ukawa kimya mpaka nikasikia kiyoyozi. Nasra akavuta pumzi, wenzake wakavuta naye, wakaanza.

Mzani wa tatu yule bibi wa mbele akageuka. Aligeuka taratibu, yeye na shingo yake ya uzee, akamtazama mama yangu. Bimkubwa hakuinamisha uso. Walitazamana vile mizani mingi. Nyuma nikasikia mtu anamwambia mwenzake kitu kwa sauti ya chini, mwengine akamnyamazisha. Khalafu yule bibi akauchukua mtandio wake akauziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Bimkubwa naye akaziba wake. Safu nzima ile, na ya nyuma yake, wazee wa kike wameziba midomo, wanacheka na wengine wanalia, hawatoi sauti. Wanaume wao wamekaa wanatazama mbele hawajui kitu. Ikaisha. Hakuna aliyepiga mbinja. Walipiga makofi mpaka Maestro akaletwa jukwaani mara nne, na kila mara anawaonyesha wale tisa.

Yule bibi alipotoka alimshika Bimkubwa mkono. "Wameipiga kwa adabu," alisema. Hayo tu, lakini Bimkubwa alinyooka kama aliyetuliwa ndoo.

Asubuhi yake, nimekunywa chai, najitayarisha kwenda kazini, Bimkubwa akaniita chumbani kwake. "Funga mlango. Na mumeo mwambie akatembee." Nikamwambia mume wangu akatembee, akaenda zake dukani bila kuuliza. Bimkubwa alikuwa ametandika mkeka chini, yeye na magoti yake. "Kaa. Umeshakuwa na wajukuu, lakini bora kuchelewa. Haya, nifuate." Akanifunza maneno. Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, naye ananipiga kofi la paja kila nikikosea. Maneno yenyewe siyaandiki hapa.

Maestro aliandika kazi nyengine tatu baada ya ile, zote nzuri, na yuko kwao bado, amezeeka, ananitumia picha za vinanda. Bimkubwa tulimzika mwaka juzi, Mungu amrehemu, na Nasra na wenzake wanane walikuja matanga siku zote tatu. Mie nimestaafu. Waliniandalia chakula, Mkurugenzi akasema maneno yake machache, nikapewa saa ya ukutani. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Sana. Nakumbuka harufu ya karatasi mpya, na namna mpigaji anavyogeuza ukurasa kwa raha asijue kuna mtu alikaa akampimia raha hiyo. Sikuwa mtunzi wala mpigaji, na sikutamani. Nimeishi vizuri.

*Asubuhi Tatu* sasa inapigwa huko na huko, na vipande vinatoka maktaba yetu, na sharti la Bimkubwa limeandikwa juu yake kwa wino wangu. Aliyekaa kiti changu ni Salim, yule wa besi. Mgongo ulimshinda kusimama, akaomba kukaa na karatasi, nami nikamfunza kuanzia raba. Juzi alinipigia simu. Okestra moja ya Ulaya inataka kuipiga, wamekubali sharti, wana wanawake ishirini. Lakini wanaomba maneno ya ile nyimbo, wayachape kwenye kijitabu cha wasikilizaji.

"Niwajibu nini, Bi Thuraya? Au nitajie mie niwaandikie."

"Wewe nikutajie?"

"Basi niwaambieje?"

"Waambie wamtume mwanamke."